Baba, Moto Uko Mbele

Juzi nilikuwa Bweranyange, nimealikwa kwenye posa ya binti wa rafiki yangu. Mama mwenye nyumba alitoka ndani na kopo la kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa mpaka ziwe nyepesi na ngumu. Kabla ya kulifungua akalitikisa mbele yetu, chaka-chaka-chaka, kama wafanyavyo akina mama wanaojua kukaribisha. Wageni wenzangu wakanyoosha viganja. Mimi mkono wangu wa kulia ukajizungusha wenyewe hewani, kidogo tu, kinyume cha saa.

"Ta Projestus," jirani yangu akaninong'oneza, "unafungua bomba gani?"

Nilicheka, nikapokea kahawa yangu. Lakini mwili ulikuwa umeshasisimka wote, maana ile sauti ya kahawa kavu ndani ya kopo ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye injini ya baba yangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na mkono wangu unakumbuka kuliko kichwa. Pale kwenye posa ya watu nisingeweza kuanza kusimulia. Nawasimulia ninyi.

Kwanza mnijue. Ukishuka kwenye basi pale Nkwenda, ukamwuliza mtu yeyote, hata mlevi, gereji ya Projestus iko wapi, atakushika mkono akulete. Nina shimo la zege la kuingia chini ya gari, nina winchi ya kunyanyulia injini, nina malori mawili yanayobeba ndizi mpaka Mwanza, na nyumba ya vigae ambayo wapita njia huipiga picha. Shule niliishia darasa la tano. Vijana waliomaliza chuo wanakuja na kompyuta zao ndogo, wanazichomeka kwenye gari, kompyuta inasema gari ni zima. Mimi nasogea, nainamisha kichwa, nasema silinda ya tatu. Wanafungua. Silinda ya tatu. Sijisifu, nasema kilichopo.

Sasa sikio hili lilijulikana asubuhi moja tu, na asubuhi yenyewe ndiyo hii.

Kwetu ni Kimuli, na kwetu mwanamume mtu mzima huitwa Ta, yaani Bwana. Baba yangu, Ta Fidelis, alikuwa fundi wa magari wakati ambapo magari yote ya Kimuli ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono na kidole kimoja kikabaki cha kukunia kichwa. Karakana yake ilikuwa mabati manne juu ya miti, kando ya migomba. Harufu yake ninayo puani mpaka leo: oili iliyochakaa, mpira ulioungua, na juu yake ule utamu wa ndizi mbivu zilizofukiwa shimoni nyuma ya nyumba. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Akitaka kujua hali ya injini, alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma cha injini, na mpini akauuma kwa meno. Kisha anafumba macho. Sisi watoto tulikuwa tunasema Ta Fidelis anaonja mchuzi.

Alikuwa na pikapu moja ndogo, ya Kijapani, yenye taa za duara na rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi. Pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Kila msimu wa kahawa ilibeba magunia ya wakulima kutoka Kimuli kuyapeleka ghalani Nkwenda. Mwaka huo akatokea mtu mwingine, Ta Gozbert, mfugaji tajiri mwenye pikapu kubwa kuliko yetu, injini yake karibu mara mbili ya ile ya baba. Naye akataka kazi hiyohiyo. Wakulima wakagawanyika. Wengine wakasema Fidelis ni wetu wa siku zote, wengine wakasema gari la Fidelis likipanda mlima na mzigo, unaweza kushuka ukachuma mapera ukalikuta palepale.

Mkubwa wa wakulima alikuwa mzee Ta Leonidas. Huyu hakupenda kelele. Aliwaita baba na Ta Gozbert mbele ya watu baada ya misa.

"Mimi sitaki kununiwa na mtu," alisema. "Siku ya soko ya mwisho wa mwezi ujao, kila mmoja apakie magunia kumi. Mtaanzia darajani, pale kwenye mafunjo. Atakayefika ghalani Nkwenda kwanza, msimu huu ni wake. Atakayefika wa pili aje tunywe naye pombe, asije na maneno."

Ta Gozbert alicheka mpaka akajishika tumbo. "Ta Leonidas, kwa nini unataka kumwumiza mwenzangu? Mpe msimu wa kubeba kuku."

Baba alivaa kofia yake akarudi karakana. Lakini wiki hiyohiyo aliondoka nyumbani na ng'ombe wetu, Bihogo, yule mwekundu wa pembe ndefu ambaye mama alimkamua kila asubuhi. Alimpitisha njia ya Murongo, akavuka mpaka kwenda nchi ya jirani. Baada ya siku nne akarudi bila ng'ombe. Begani alikuwa na gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na kabureta mbili, kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, yenye migongo mirefu isiyo ya kawaida, na puli ya mbele ya injini. Mama alifungua gunia akatazama. Akalifunga. Tangu siku hiyo tulikunywa chai ya rangi, na mama alikuwa akimimina kikombe cha baba akitazama pembeni.

Jamani, wiki zile! Sijawahi kufurahi vile. Baba aliipeleka hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mjini Bukoba ikasagwe, ili petroli ibanwe zaidi. Alirudi nayo amefunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Tulifunga kamshafti, tukafunga kabureta zote mbili, tukatoboa, tukakata, tukachonga gasketi kwa wembe kutoka kwenye kiatu cha zamani. Ninasema "tulifunga" kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo na ilipita mahali ambapo ya baba haikupita. Shule sikwenda. Mwalimu alituma salamu mara mbili, mara ya tatu akaja mwenyewe, na alipoiona ile injini naye akakaa juu ya debe akatazama mpaka jioni.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuweka taimingi. Nitawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya injini pistoni inapanda ikibana petroli na hewa, na cheche ya plagi lazima iwake kabla kidogo pistoni haijafika juu, ili nguvu ya moto iikute ndiyo inageuka na kuisukuma chini. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Ukichelewa, mwenzako anakungoja na unga hautoki. Ukiwahi, mchi wako unakutana na mchi wake njiani, na mmoja utapasuka. Kuwahi huko mafundi tunasema moto uko mbele, na kuchelewa tunasema moto uko nyuma. Chombo kinachougawa moto kwenda kwenye plagi kinaitwa distributa. Unalegeza bolti moja, unakizungusha kwa upana wa ukucha tu, na gari linabadilika tabia. Injini ya kawaida ukiikosea kidogo inakuvumilia. Injini iliyochokonolewa kama ile yetu haina uvumilivu hata wa kanisani.

Baba aliweka taimingi kwa kufuata alama iliyochongwa kwenye ile puli, akitumia balbu ndogo yenye nyaya mbili: alama ikifika mahali pake, balbu inawaka, unakaza bolti. Ndivyo walivyofanya mafundi wote. Kosa ni kwamba puli ile ilitoka kwenye injini nyingine, na alama yake haikuwa ya kwetu. Hilo nimekuja kulijua baadaye sana. Siku ile tulijua tu kwamba baba aligeuza ufunguo na injini ikapiga kelele ambayo Kimuli haijawahi kuisikia. Kuku walikimbilia migombani. Ukigusa ekseleta inajibu kabla hujamaliza kugusa. Watu walitoka kwenye mashamba yao na majembe mkononi. Mimi nilikuwa naruka tu, naruka, sijui nilikuwa napiga kelele gani.

Tukapakia magunia kumi, tukaenda kuijaribu kwenye kilima cha karibu. Na hapo, mara mzigo ulipoanza kuielemea, nikaisikia. Chaka-chaka-chaka. Sauti nyembamba, kavu, kama mtu ametikisa kahawa za kutafuna ndani ya kopo, huko mbele kwenye injini. Ukiachia ekseleta inapotea. Ukikanyaga inarudi.

Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Akanigeukia. "Unasikia nini?"

Sasa niwaeleze watu wasiotoka kwetu. Kwetu mtu akiwa kazini, mkubwa wako, humpiti kimya. Unamwambia "wakora", yaani umefanya kazi, ahsante kwa kazi. Mtoto aliyelelewa vizuri hana neno jingine juu ya kazi ya mkubwa. Hata chakula kikiwa kimeungua unasema wakora. Hata nyumba aliyoijenga mjomba ikiwa imeinama kama mtu anayechungulia, unasema wakora, mjomba. Kumwambia baba yako, fundi, kwamba kazi yake ina kasoro, ni afadhali umvue kofia barabarani. Na mimi nilikuwa mtoto aliyelelewa vizuri sana.

"Wakora, baba," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akaendelea kuendesha.

Kesho yake tukairudia. Safari hii alisimamisha gari katikati ya mlima, akashuka, akachukua bisibisi yake akaiuma, akafumba macho, akafumbua. "Ikipanda," akaniuliza, "inalia namna gani?" Mimi nilidhani ananipima, kama mwalimu anavyouliza jambo analolijua. Nikamwambia inalia kama simba. Nilijiona nimejibu vizuri mno. Na jioni ya kuamkia siku ya soko alifungua plagi moja, akaigeuza kwenye jua la magharibi. Kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na vichembe vinavyong'aa, vidogo kama magamba ya samaki wa ziwani. Akanisogezea, nikavitazama. Baba naye akawa ananitazama mimi.

"Zinapendeza," nikasema. "Wakora, baba."

Akaifuta plagi kwenye suruali yake akairudisha. Usiku ule sikulala vizuri, nadhani hata yeye.

Siku ya soko ikafika. Jua lilikuwa limetoka na ukungu bado umelala juu ya mafunjo. Darajani watu walikuwa wamejaa kama siku ya kipaimara, wengine wamepanda juu ya vichuguu. Mama alikuwepo pia, amejifunga kitenge cha kanisani, amesimama peke yake. Nilikuwa nimekuja juu ya magunia, na kwenye kipande cha mwisho kabla ya daraja, pale penye kimwinuko kifupi, ile sauti ilitoka kali kuliko siku zote. Haikuwa tena kahawa kwenye kopo. Ilikuwa misumari. Ndipo nikakumbuka vile vichembe vinavyong'aa, na kichwani mwangu vitu viwili vikakutana kwa mara ya kwanza: pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu inang'aa. Nilichokuwa nimekisifia jana kilikuwa pistoni yetu inaliwa.

Nikamtazama mama. Nikafikiria Bihogo. Nikaona jinsi mlima ule mrefu utakavyoimaliza injini hata nusu ya njia hatujafika, na kwamba nyumbani kwetu hakutakuwa na ng'ombe, wala gari, wala msimu.

Ta Leonidas alikuwa ameshanyanyua kofia yake juu. Ikishuka, magari yanaondoka. Ta Gozbert alikuwa anangurumisha lake na kupungia watu.

"Baba!" nikapiga kelele. Sikujua kama sauti ile ni yangu. "Baba, moto uko mbele! Uko mbele mno! Inagonga!"

Watu wote wakageuka. Hata vyura wa kwenye mafunjo nadhani waligeuka. Ta Gozbert akatoa kichwa dirishani.

"Ta Fidelis, huyu ndiye injinia wako? Mbona hata kaptula imemshinda?"

Watu wakacheka, na kweli kaptula yangu ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Nilitamani ardhi ya darajani inimeze. Baba alizima gari. Akashuka taratibu, akazunguka mpaka nyuma nilipokuwa. Nilijiandaa kupigwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa spana ya bolti ya distributa, akanipa.

"Rudisha moto nyuma," akasema. "Mimi naendesha."

Wazee kadhaa waliguna. Ta Leonidas akairudisha kofia kichwani, akasogea. "Fidelis, watu wanangoja."

"Nipe muda kidogo, mkubwa."

Ta Leonidas alifikiri. Akatoa kahawa moja ya kutafuna kwenye koti lake. "Nikimaliza kuitafuna hii, tunaondoka," akasema, akaitupa mdomoni. Mungu ambariki yule mzee popote alipo, meno yalikuwa yamebaki manne, na hayakukutana.

Tuling'oa boneti tukaiegemeza kwenye ukingo wa daraja. Nililala juu ya madigadi kifudifudi, mguu mmoja nimeuingiza dirishani ili baba anishike kwenye kifundo. Nikalegeza bolti. Nikaizungushia distributa kitambaa, maana waya za plagi zilikuwa zimechoka, zinavujisha umeme. Baba akaingia barabarani, akaweka gia ya tatu makusudi ili injini ielemewe, akaanza kupanda kile kimwinuko polepole, na mzigo wote mgongoni.

Chaka-chaka-chaka!

Nikazungusha kinyume cha saa. Umeme ukanipiga mpaka kwenye kiwiko, meno yakagongana. Sikuachia. Joto la injini lilinijia usoni na harufu ya petroli mbichi, feni inazunguka shubiri moja kutoka kwenye pua yangu, changarawe zinaruka chini. Nikazungusha tena, nusu ya ukucha. Sauti ikakonda. Umeme ukanipiga tena, nikatukana tusi ambalo sikujua kwamba nalijua. Nikazungusha tena. Sauti ikawa moja moja, chak... chak... kama kahawa zimebaki mbili kwenye kopo. Halafu ikapotea. Kimya safi! Ila sasa injini ikawa nzito, inaburuza miguu kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nimepitiliza. Nikairudisha kwa unene wa karatasi, unene wa karatasi tu wandugu, na nikaisikia inakaa. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo. Ilikaa, kama mtungi unavyokaa kwenye kata.

Nikakaza bolti. "Tayari!" Baba hakujibu, nikapiga madigadi kwa kiganja, naye akageuza gari.

Tulipofika darajani Ta Leonidas alikuwa bado anahangaika na kahawa yake. Aliitema. "Haya," akasema, "yatosha." Tukarudisha boneti, nikapanda juu ya magunia, nikashika kamba. Kofia ikashuka.

Ta Gozbert alitutoka tangu mwanzo. Kwenye tambarare ya mafunjo gari lake kubwa liliondoka kama ng'ombe aliyeona majani, likatuachia vumbi jekundu tukawa tunaendesha ndani yake. Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia vumbi likageuka tope mashavuni. Lakini mlima ulipoanza, baba alipangua gia mpaka ya pili, akakanyaga, na ile kamshafti ya Bihogo ikaamka. Mliokaa kwenye gari lililotengenezwa mnajua ninachosema: kuna mahali mshale wa injini ukipita, gari linakuwa gari jingine. Lilipiga yowe. Magunia yalinisukuma nyuma. Tuliingia kona ya kwanza baba akiwa ameegemea mlango, mchanga unamwagika pembeni, na mimi nimeweka sikio langu kuelekea mbele, natafuta ile sauti, naitafuta, haipo. Kona ya pili tukaona taa zake za nyuma. Kona ya tatu tukaona uso wake kwenye kioo, na haukuwa unacheka tena. Alijaribu kutubania katikati ya barabara. Baba akapita upande wa bonde, tairi moja juu ya nyasi, nikafumba macho, nikasikia watu waliokaa juu ya kilima wanapiga kelele, na nilipofumbua, vumbi lilikuwa nyuma yetu.

Tuliingia Nkwenda peke yetu. Soko zima lilikuwa limesimama. Mama mmoja mwuza senene, wale panzi wa kukaanga, alitutupia senene kama mchele wa harusi. Mpaka Ta Gozbert anafika, magunia manne tulikuwa tumeshashusha.

Baba hakushangilia. Alifungua boneti, akatoa plagi ikiwa ya moto bado, akiishika kwa kofia yake, akaiinua juani. Haikuwa na kitu kinachong'aa. Ilikuwa kavu, rangi ya udongo mzuri. Akanisogezea niione. Watu walikuwa wametuzunguka, wengine wanamvuta koti, Ta Gozbert mwenyewe amesimama pale na mikono kiunoni. Baba akainama akaniambia mimi, mtoto, neno ambalo kwetu huelekezwa juu, haliji chini.

"Wakora."

Kwa miaka yote iliyofuata, habari hii niliisimulia hivyo, na iliishia hapo. Nilisimulia kwenye misiba na harusi. Ilikuwa habari ya sikio langu. Ilinipa gereji, ilinipa malori, na kusema kweli ilinipa hata mke, maana aliisikia kabla hajaniona.

Mwaka jana nilimpelekea mzee simu mpya huko Kimuli. Kila nikipiga hapokei. Siku moja nilikwenda, nikakaa na mama jikoni, nikaipiga, nikaona simu inalia mapajani mwa mzee nje kwenye kivuli cha nyumba. Inalia sauti ya ndege. Yeye anachambua maharage.

"Mama, baba anadharau simu yangu."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Umemwekea ndege! Baba yako aliacha kusikia ndege kabla hujaanza shule. Ile malaria iliyompanda kichwani, akapigwa sindano za kwinini. Sauti nene anazipata. Nyembamba zote zilikwenda."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Fundi amwambie nani? Hata mimi hakuniambia. Nilijua siku ya ubatizo wa mdogo wako. Nilipiga vigelegele nyuma yake, karibu kabisa, hakugeuka."

Nilikaa pale na kijiko mkononi. Bisibisi kwenye meno. Unasikia nini. Ikipanda inalia namna gani. Plagi aliyonisogezea machoni. Mtu alikuwa ameuza ng'ombe wa watoto wake, ameifungua injini yake yote, na kipande kimoja cha kazi hiyo kilikuwa hakimo tena masikioni mwake. Aliniomba mimi. Aliomba kwa namna fundi anavyoweza kuomba. Na mimi nilimjibu kwa adabu.

Nikatoka nje nikakaa kando yake. Nilitaka kumwomba radhi. Sasa mjue shida yangu: kumwomba radhi mtu asiyesikia vizuri si jambo la siri.

"Baba," nikasema, "ile injini niliisikia."

"Nini?"

"Ile injini. Niliisikia inagonga."

"Nini?"

"NILIISIKIA! TANGU SIKU YA KWANZA! NIKAKUFICHA!"

Vichwa viwili vya majirani vikajitokeza juu ya ua. Mzee aliweka chini ungo wa maharage. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika.

"Hilo nalijua," akasema. "Mimi sikuwa naangalia injini, nilikuwa naangalia uso wako. Kila tukigusa mlima unakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharage. Nikajua kuna kitu. Kitu gani, sikujua. Nikasema, ngoja, atasema."

"Na nisingesema?"

"Tungetafuta pistoni."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimekaa. Miaka yote ile nimewaambia watu kwamba asubuhi ile ni ya sikio langu. Sikio zuri hata mbwa analo. Kilichopita ule upande wa bonde ni mwanamume aliyeshuka garini mbele ya adui yake na wakulima wote, akamkabidhi mtoto wa kaptula ya kamba spana yake na jina lake, kwa sababu yule mtoto hatimaye alikuwa amemwambia ukweli. Nilidhani amenipa heshima. Alikuwa amenipa kila kitu alichokuwa nacho, na hakukuwa na cha akiba nyumbani.

Baadaye kidogo akaniuliza, kwa ile sauti yake kubwa, gari nililokuja nalo linaliaje siku hizi. Ni gari langu la kutembelea, jipya, Kimuli nzima ilikuwa imetoka kulitazama. Nikafungua mdomo niseme halina shida yoyote. Halafu nikaona ananitazama usoni.

"BERINGI YA MBELE IMEKWISHA, BABA," nikasema kwa nguvu, na majirani wote wakasikia kwamba gari la Projestus wa Nkwenda ni bovu.